Uzi: Vifaa vipya vya barabara na madaraja vinaingia nchini. Grafu za kuvipima ziko wapi?

Mhandisi wa Vipimo (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Siku hizi mkutano wa wahandisi hapa Nairobi haukosi mtu wa kuinadi saruji yenye udongo uliochomwa, nondo za nyuzi za kioo, zege lenye nyuzi za chuma linalobeba mara nne ya zege tulilolizoea, au lami iliyochanganywa na taka za plastiki. Karatasi za sifa wanazogawa nimezisoma, na mara nyingi yaliyoandikwa humo ni kweli. Lisilotajwa ni hili: kifaa kikishamwagwa, kikafunikwa na kuanza kukanyagwa na malori yanayotoka bandari ya Mombasa, tutaijuaje hali yake ya ndani bila kukivunja?

Zana za upimaji usioharibu tunazo. Maabara nyingi za jiji zina nyundo ya Schmidt, mashine ya mawimbi ya ultrasoniki na kitafuta nondo, na chache zina rada ya kupenya ardhi. Hoja yangu ni moja, na niko tayari kuitetea hapa: hakuna zana hata moja kati ya hizi inayopima nguvu ya zege. Kila moja hupima kitu kingine kabisa, kisha mtu huchukua namba aliyoipata na kuitafsiri kwa grafu iliyochorwa kutokana na zege fulani, la saruji fulani na kokoto fulani. Ukibadilisha saruji au kokoto, tafsiri hiyo haina tena msingi, hata kama zana yenyewe ni mpya na cheti chake cha urekebishaji bado kina muda.

Tuichukue nyundo, kwa kuwa ndiyo inayotumika kuliko zote na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Ilibuniwa Uswisi na Ernst Schmidt mwishoni mwa miaka ya 1940. Springi husukuma uzito mdogo ugonge pini iliyobanwa kwenye uso wa zege, uzito unaruka nyuma, na umbali wa kuruka ndio namba inayosomwa. Kinachopimwa hapo ni ugumu wa ngozi ya zege, sentimita chache tu za juu. Utaratibu wa Marekani unataka uso usuguliwe kwa jiwe la kunolea hadi uwe laini, yapigwe mapigo kumi yaliyoachana kwa angalau milimita 25, usomaji unaotofautiana na wastani kwa zaidi ya alama sita utupwe, na ukitupa zaidi ya miwili basi seti nzima irudiwe. Kupiga kuelekea juu, chini na pembeni hutoa namba tofauti kwa zege lile lile, kwa sababu uzito wa nyundo yenyewe husaidia au hupinga springi.

Hata ukifuata yote hayo, kuna jambo ambalo nyundo haiwezi kulijua. Kaboni dioksidi ya hewani huingia polepole kwenye zege na kuigeuza chokaa huru iliyomo kuwa aina ya mawe ya chokaa. Katika zege la saruji ya kawaida, ngozi hiyo huwa ngumu kuliko ndani, ndiyo maana nguzo ya miaka thelathini inaweza kusomeka kama imara kuliko ilivyo. Kwa zege hilo wataalamu wamejifunza kusahihisha: unavunja kipande kidogo, unapulizia fenolftaleni, sehemu yenye afya inageuka rangi ya waridi na iliyoingiwa na kaboni inabaki bila rangi, halafu unapunguza usomaji kulingana na kina ulichokiona.

Sasa ilete saruji ya udongo uliochomwa. Mchanganyiko wake unaojulikana zaidi una klinka (vijiwe vilivyochomwa tanurini ambavyo husagwa kuwa saruji) asilimia 50, udongo uliochomwa asilimia 30, mawe ya chokaa asilimia 15 na jasi asilimia 5. Umeendelezwa kwa miaka mingi na kundi la Profesa Karen Scrivener huko Lausanne, Uswisi, pamoja na watafiti wa Cuba na India, na Cuba ilifanya jaribio la kiwandani mwaka 2013. Udongo huchomwa kwa joto la nyuzi 700 hadi 850 hivi, wakati klinka huhitaji takriban nyuzi 1,450, na hapo ndipo penye nafuu ya mafuta na ya hewa chafu. Siipingi saruji hii hata kidogo. Lakini ndani yake chokaa huru ni kidogo sana, kwa hiyo kaboni hupenya upesi zaidi, na ugumu wa ngozi yake haubadiliki kwa namna ile iliyoandikwa kwenye jedwali la masahihisho. Kadhalika ukipima ukinzani wa umeme, ambao kwa kawaida hutumika kukadiria kama chumvi inaweza kulifikia chuma, saruji hii hutoa namba za juu sana, kwa sababu vinyweleo vyake ni vyembamba na maji yaliyomo humo yana ioni chache. Sehemu ya namba hiyo ni uimara wa kweli na sehemu ni kemia ya maji. Jedwali la zamani halitenganishi hizo mbili.

Na tusidhani kwamba tatizo hili litaanza na saruji mpya. Kenya tumejenga muda mrefu kwa saruji yenye pozolana, yaani jivu la volkano lililosagwa, ambayo hupata nguvu polepole kuliko saruji tupu, ilhali grafu iliyobandikwa ubavuni mwa nyundo nyingi ni ya kiwanda cha Ulaya. Kokoto nazo ni zetu: fonolaiti ya Nairobi, jiwe lile zito la kijivu lililoiva, haina tabia moja na mawe ya chokaa au granaiti zilizotumika kuchora grafu hizo.

Mawimbi ya ultrasoniki yana hadithi inayofanana. Unaweka kichwa kimoja upande huu wa nguzo na kingine upande wa pili, kwa kawaida cha kilohezi 54, unapaka grisi ili hewa isibaki katikati, na mashine inahesabu muda. Nguzo ya milimita 300 ikipitwa kwa maikrosekunde 75, kasi ni kilomita 4 kwa sekunde. Jedwali linalonakiliwa kwenye ripoti nyingi husema zaidi ya 4.5 ni bora sana, 3.5 hadi 4.5 ni zuri, 3.0 hadi 3.5 ni la wastani, chini ya hapo lina mashaka. Msomaji anayetafsiri jedwali hilo kuwa megapaskali, yaani kipimo cha nguvu ya zege, anajidanganya. Jiwe hupitisha wimbi haraka kuliko saruji iliyoganda, kwa hiyo zege lenye kokoto nyingi husomeka vizuri bila kuwa na nguvu zaidi. Zege lililolowa husomeka juu kuliko kavu. Na wimbi likipata nondo inayolala sambamba na njia yake hupitia humo, maana kasi ndani ya chuma hukaribia kilomita 6 kwa sekunde. Kwa zege la nguvu kubwa mno, lile la megapaskali 150 lenye nyuzi za chuma za milimita 13, kasi huongezeka kidogo sana hata nguvu ikiongezeka nyingi, na nyundo ya kawaida nayo imeshafika mwisho wa kipimo chake kabla ya nusu ya safari.

Nimeandika kwa urefu, mniwie radhi. Karibuni.

Mwananchi wa Embakasi

Mhandisi, shukrani kwa somo. Mimi si mtu wa fani hii, ni mlipa kodi tu ninayepita barabara ya Outer Ring kila siku ya kazi. Swali langu linaweza kuwa la kitoto: kama zana hizi zina mashaka kiasi hicho, kwa nini msitoboe tu mkatoa kipande, mkakipasua maabara na mkamaliza maneno?

Siku Ishirini na Nane

Ndugu wa Embakasi, swali lako si la kitoto, maana hata mahakamani ndilo huulizwa kwanza. Mimi hufanya kazi ya maabara, kwa hiyo nikujibu kwa upande wa kutoboa.

Kipande kinachotobolewa kina kipenyo cha milimita 100 kwa kawaida, na kinakueleza habari za pale tu kilipotoka. Daraja lina mamia ya mita za ujazo za zege lililomwagwa kwa siku tofauti, pengine kutoka mitambo tofauti. Ukitoboa mara nyingi unalidhoofisha na unafungua njia ya maji. Ukitoboa mara chache huna picha. Isitoshe, ziko sehemu usizothubutu kuzigusa kwa keekee: mhimili wenye nyaya zilizovutwa kwa nguvu ukikata waya mmoja umeharibu kitu kisichorudishwa. Kwa hiyo njia inayokubalika, na viwango vya Ulaya vinaieleza, ni kuzunguka muundo mzima kwa nyundo au ultrasoniki, kutafuta sehemu zinazotofautiana, kutoboa vipande vichache kwenye sehemu hizo, kisha kutumia vipande hivyo kuchora grafu ya zege hilo hilo. Hapo ndipo namba za nyundo zinapata maana. Namuunga mkono mwanzilishi, ila ningesema wazi zaidi: asiyetaka kugharimia kutoboa hata kidogo asilipie nyundo pia.

Mzee wa Kokoto

Vijana, nimesoma yote. Nimesimamia kazi za madaraja tangu enzi ambazo msimamizi alibeba koni ya kupima ulaini wa zege na mikyubu kumi na miwili ya chuma kwenye gari moja, na nitasema ninaloliamini: upimaji usioharibu umekuwa maficho ya wanaoshindwa upimaji wa kawaida.

Nilikuwa msimamizi katika daraja moja la kaunti ambalo sitalitaja, na mkandarasi pia simtaji. Kyubu za siku 28, yaani vipande vya zege la kazi hiyo vinavyomwagwa kwenye mikyubu na kupasuliwa maabara, zilishindwa kufikia nguvu iliyotakiwa. Baada ya muda ililetwa ripoti ya nyundo, imefungwa vizuri kwa plastiki na ina picha za rangi, ikisema nguzo zote zimefaulu. Nilikwenda kutazama alama za chaki. Nguzo mbili zilikuwa zimepigwa plasta ya kuziba mashimo, na chaki ilikuwa juu ya plasta. Kwenye nguzo nyingine vishimo vya pini vilikuwa vimepandana: fundi amepiga mahali pale pale mara kwa mara, na kila mtu aliyeshika nyundo anajua kwamba pigo la pili hukuta zege limeshakandamizwa na la kwanza, kwa hiyo namba hupanda. Hakuna aliyedanganya kwa mdomo. Namba zote zilisomwa kwenye zana.

Sasa mnaniambia tuongeze saruji mpya na nondo za kioo juu ya haya. Mimi nauliza, atakayesoma ripoti hizo kwa jicho kali ni nani?

Mhandisi wa Vipimo

Shikamoo Mzee. Hayo uliyoyaona yanatokea, na ndiyo maana katika ripoti nataka kuona usomaji wote kumi wa kila sehemu, si wastani peke yake. Mtu akipiga pale pale, namba hupanda kwa mpangilio ambao jicho lililozoea huutambua.

Lakini naomba nitofautiane nawe kidogo kuhusu maficho. Kuna kasoro ambazo kyubu haiwezi kuziona hata ikifaulu kwa kishindo, kwa sababu kyubu haikuwahi kuwa ndani ya daraja. Mfano mkubwa ni mabomba ya nyaya za kukaza.

Barabara ya juu ya kutoka Mlolongo hadi Westlands, yenye kilomita 27 na iliyofunguliwa mwaka 2022, ilijengwa kwa mihimili mingi iliyomwagwa uwanjani na kupandishwa juu ya nguzo kwa mashine. Sisemi kwamba ina kasoro yoyote. Naitaja kwa kuwa ndiyo kazi kubwa ya mihimili ya kumwagwa pembeni ambayo kila mkazi wa Nairobi ameiona ikifanyika. Katika madaraja ya namna hii duniani, nyaya za chuma mara nyingi hupitishwa kwenye mabomba ndani ya zege, huvutwa, kisha bomba hujazwa uji wa saruji ili chuma kisipate hewa wala maji. Uji usipojaa vizuri, kwenye kilele cha bomba hubaki uwazi, na maji yakipata njia ya kufika hapo chuma hula kutu bila mtu yeyote kuona. Huko Wales, daraja dogo la Ynys-y-Gwas lililojengwa kwa vipande mwaka 1953 lilianguka Desemba 1985 kwa sababu ya kutu ya nyaya kwenye maungio. Hakukuwa na dalili ya nje ya kuonya. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Mwaka 1992 serikali ya Uingereza ilisimamisha madaraja mapya ya mabomba ya kujazwa uji, na hata zuio lilipolegezwa mwaka 1996 lilibaki kwa yale ya vipande.

Hapa ndipo kifaa kipya na zana vinapokutana kwa namna inayonifurahisha, ingawa si kila mtu atafurahi. Mabomba ya zamani ni ya bati. Wimbi la rada likikuta bati hurudi lote, kwa hiyo rada hukuonyesha bomba liko wapi lakini haioni ndani. Kwa bomba la bati tunatumia mwangwi wa kugonga, njia iliyoendelezwa na Mary Sansalone na Nicholas Carino nchini Marekani katika miaka ya 1980: unagonga uso kwa kijigololi cha chuma, unasikiliza kwa kihisi mrudio wa wimbi kati ya nyuso mbili, na marudio yake kwa sekunde yanakupa unene. Zege la kasi ya mita 4,000 kwa sekunde na unene wa milimita 200 huitika kwa takriban hezi 9,600. Kukiwa na uwazi ndani ya bomba, mwitiko huo unashuka na mwingine wa juu hujitokeza.

Siku hizi tumehamia mabomba ya plastiki, kwa sababu ya haki kabisa, kwamba hayali kutu na yanazuia maji. Mwangwi wa kugonga huchanganyikiwa hapo, maana ukuta wa plastiki hurudisha wimbi hata bomba likiwa limejaa uji barabara. Rada nayo, iliyokuwa kipofu kwenye bati, huipenya plastiki na kuonyesha nyaya zilizomo. Kwa hiyo mkaguzi asiyejua ni bomba gani liko ndani anaweza kubeba zana isiyofaa na kuandika ripoti nzuri ya kitu ambacho hakukiona. Taarifa hiyo hupatikana kwenye michoro ya jinsi kazi ilivyojengwa, na Mzee unajua michoro hiyo huwa wapi baada ya miaka kumi.

Nondo za nyuzi za kioo ni hivyo hivyo. Hazina kutu, zina uzito wa robo ya chuma, na kwa ukuta wa bahari wa Mombasa ningezipenda. Lakini hazina sumaku, kwa hiyo kitafuta nondo hakizioni. Hazirudishi rada kama chuma. Na kipimo cha volti za kutu, kile ambacho usomaji wa chini ya hasi 350 za milivolti humaanisha uwezekano wa kutu wa zaidi ya asilimia 90, hakina la kupima. Ugumu wake wa kunyooka ni gigapaskali 45 hadi 60 tu dhidi ya 200 za chuma, hivyo nyufa na kupinda ndivyo vya kufuatilia, na zana zake ni nyingine: vihisi vya nyuzi za mwanga, vipimo vya upana wa ufa, usawa wa daraja unaopimwa kila msimu.

Binti Reli

Naomba kuongeza upande wa reli, maana uzi unaelekea kusahau kwamba miundombinu ya usafiri si lami na zege pekee.

Sisi tuna bahati ya kupima chuma, ambacho ni kitu kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na gari la kwanza la kukagua reli la Elmer Sperry lilianza kazi Marekani mwaka 1928. Hata hivyo tulifunzwa kwa uchungu. Ajali ya Hatfield nchini Uingereza, tarehe 17 Oktoba 2000, iliua watu wanne pale reli ilipovunjika vipande vipande kwa nyufa zilizoanzia kwenye kona ya kichwa chake. Nyufa za juu juu za aina hiyo, zikiwa nyingi, huweka kivuli: wimbi la ultrasoniki linarudishwa nazo na halifiki kwenye ufa mkubwa ulio chini.

Na mfano unaoiunga mkono hoja ya mwanzilishi tunao kwenye makutano ya njia. Sehemu ile inayogongwa na magurudumu hutengenezwa kwa chuma cha manganizi, alichokibuni Robert Hadfield mwaka 1882, kwa sababu kila kinapogongwa kinazidi kuwa kigumu. Chembe zake ni kubwa mno kiasi kwamba wimbi la ultrasoniki hutawanyika humo na kupotea. Kwa maneno mengine, kifaa bora kabisa kwa mahali hapo ndicho kigumu kabisa kupimwa, na hilo limejulikana zaidi ya karne. Tunakagua kwa macho, kwa rangi ya kupenya nyufa, na kwa kuhesabu mizigo iliyopita.

Siku Ishirini na Nane

Dada, asante kwa mfano huo. Nami nigusie lami na matabaka yake kwa sababu ndiko pesa nyingi za barabara zinakokwenda.

Mashine ya kuangusha uzito hudondosha mzigo juu ya bamba la milimita 300, kwa kawaida kilonyutoni 40 au 50, na safu ya vihisi hupima barabara imezama kwa maikromita ngapi katika kila umbali. Kisha kompyuta hurudi nyuma kukadiria ugumu wa kila tabaka, na hapo huwezi kufika bila kujua unene wa matabaka. Unene huo siku hizi huchukuliwa kwa rada. Rada haipimi unene, inapima muda, na kasi ya wimbi hutegemea kifaa na unyevu. Bamba la zege ukilidhania kavu ukatumia sentimita 12 kwa kila nanosekunde, ilhali limelowa na kasi halisi ni 10, basi bamba la sentimita 10 utaliandika kuwa la 12. Kwa kuwa ugumu wa bamba kupinda hufuata unene wake ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe, kosa hilo dogo huufanya ugumu wa zege uonekane takriban asilimia 58 ya ulivyo. Barabara nzima inahukumiwa dhaifu kwa sababu mtu alikadiria kasi badala ya kutoboa tundu moja na kupima kwa rula.

Kwa Embakasi, Syokimau na tambarare ya Athi ongezeni udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Udongo huo wa mfinyanzi ukilowa hunyonya wimbi la rada, skrini inabaki na ukungu, na mashine ya kuangusha uzito ikipita Februari na ikarudi Mei haitatoa namba zinazolingana. Kwa udongo huo mimi huiamini zaidi koni ya kudunga, uzito wa kilo 8 unaoangushwa milimita 575, hata kama inaacha kitundu.

Kuhusu plastiki: njia iliyoenea India kutoka kwa Rajagopalan Vasudevan wa Madurai ni kuivika kokoto ya moto plastiki iliyoyeyuka kabla ya kutia lami. Sitabishana kama inafaa. Nasema tu kwamba mashine za kupima msongamano kwa umeme husoma tabia ya umeme ya mchanganyiko, nayo imebadilika. Vilevile tabaka la msingi lililotengenezwa kwa lami ya zamani iliyosagwa: mashine ya nyuklia hupima unyevu kwa kuhesabu hidrojeni, na lami imejaa hidrojeni. Itakuambia tabaka limelowa wakati ni kavu, na mkandarasi mwaminifu atalaumiwa bure. Wenye mashine hizo wana leseni ya mamlaka ya nyuklia ya Kenya kwa sababu ya mionzi, lakini leseni haisahihishi hidrojeni. Chukua sampuli, ikaushe kwenye tanuri kwa joto ambalo halitayeyusha lami, upate tofauti, uiingize kwenye mashine.

Mwananchi wa Embakasi

Nimefuata kwa shida lakini nimefuata. Basi semeni mngetaka nini kiandikwe kwenye mikataba, ili hata sisi tukiuliza kwenye vikao vya ushirikishaji wa umma tuwe na la kuuliza.

Mhandisi wa Vipimo

Ningetaka jambo moja kubwa na mengine madogo ya kulisindikiza. Kubwa ni kipande cha majaribio: kabla kifaa kipya hakijaingia kwenye daraja, mkandarasi amwage bamba la ukubwa wa kutosha, kwa saruji ile ile, kokoto zile zile, mabomba na nondo zile zile, na ndani yake azikwe kasoro zinazojulikana. Bomba lililojazwa nusu. Sehemu iliyoachwa bila kutikiswa ili ibaki na vinyweleo. Karatasi ya plastiki iliyowekwa kwa kina kinachojulikana kuigiza zege lililobanduka. Kampuni inayotaka zabuni ya kupima ipewe bamba hilo bila kuambiwa kasoro ziko wapi. Isiyoziona haipimi daraja. Vipande vya kutobolewa kwenye bamba hilo, vya siku 7, 28, 90 na mwaka, ndivyo vichore grafu, maana saruji za pozolana na za udongo uliochomwa hazimalizi kukua siku ya 28.

Madogo ni kwamba muundo wote upimwe siku unapokabidhiwa, kabla ya gari la kwanza, ili vipimo vya baadaye vilinganishwe na hali yake wenyewe badala ya jedwali la kigeni. Data ghafi ikabidhiwe mwenye barabara pamoja na ripoti. Na michoro itaje aina ya bomba, ya nondo na ya saruji kwa kila sehemu.

Ukienda kwenye kikao, uliza maswali mawili tu: grafu mliyotumia ilichorwa kutokana na zege gani, na vipimo vya siku ya kukabidhiwa viko ofisi gani.

Mzee wa Kokoto

Hilo la kuzika kasoro nalikubali, na laiti ningekuwa nalo enzi zile. Ila nina shaka na utekelezaji. Mkandarasi akimaliza kazi huondoa kila kitu uwanjani hadi misumari. Bamba hilo litakaa wapi miaka ishirini, na nani atalilinda lisigeuzwe daraja la mtaro la mtu?

Mhandisi wa Vipimo

Mzee, libaki chini ya daraja lenyewe, kando ya nguzo ya kwanza, ndani ya hifadhi ya barabara. Lipate mvua ile ile, moshi ule ule na jua lile lile. Liwe zito kiasi cha kutobebwa bila kreni, liandikwe namba ya mkataba na tarehe ya kumwagwa kwenye zege bichi, na liingizwe kwenye orodha ya mali ya daraja ili mkaguzi alazimike kulipima kwanza kila anapokuja. Gharama yake ni mita chache za ujazo za zege ambazo tayari ziko ndani ya lori. Kuhusu ramani ya kasoro zilizozikwa, nakala moja ikae kwa mwenye barabara na nyingine katika maabara ya serikali ya vifaa, si kwa mkandarasi wala kwa kampuni ya upimaji.

Binti Reli

Na orodha ya mali itaje pia ni zana ipi ilifaulu kwenye bamba hilo na ipi ilishindwa. Sisi kwenye makutano ya njia tuna kumbukumbu hiyo, na mkaguzi mpya hapotezi asubuhi nzima akisukuma kichwa cha ultrasoniki juu ya manganizi.